Saa Iliyokuwa Chini ya Ngazi

Arobaini ya Bi Sakina tulimsomea nyumbani kwa mdogo wangu Nargis, Wembley, hapa London. Nilifika kabla ya watu, sufuria yangu kubwa ikiwa ndani ya mkoba wa magurudumu, kwa sababu Nargis hana sufuria ya kupikia wageni wengi na hataki kununua madhali yangu ipo. Nilikuta sebule imeshaondolewa makochi. Nikachukua majamvi nikaanza kuyatandika, na nilipofika ukuta wa dirishani nikauona waya. Mwezi ule Nargis alikuwa amebadilisha mambo ya joto nyumbani kwake, amewekewa mashine ile inayokaa nje kama feni kubwa, na hita ya zamani ya umeme iliyokuwa sebuleni imeng'olewa. Ukutani palibaki alama nyeupe ya mstatili, na chini ya alama, waya wa kijivu, mnene kama kidole changu cha mwisho, umekunjwa kidogo. Nikasimama pale, jamvi mkononi. Imran, mjukuu wa Nargis, alikuwa akipita na sahani. Nikamuuliza, "Upande wa pili wa waya huu uko wapi?" Akanijibu kwa Kiingereza kwamba fundi kasema hauna neno, bibi asiwe na wasiwasi. Kiswahili anakielewa chote, lakini kinywani mwake hakitoki. Nikalikunja lile jamvi nikaliweka pembeni.

Watu hudhani ninaogopa umeme. Siuogopi, nimeishi nao kama kila mtu. Kinachonikosesha raha ni kitu kilichoachwa ukutani na watu wote wakakubaliana kwamba kimekufa. Nilijifunza hivyo mwaka mmoja, katika nyumba ya Bi Sakina huyuhuyu tuliyekuwa tukimsomea, na kwa kuwa sasa hayupo wa kunikatiza na kuniambia sikusema vile, nitausimulia nilivyouona mimi.

Ulikuwa mwaka ule Wahindi waliofukuzwa Uganda walipokuwa wakishuka kiwanja cha ndege na makoti ya kupewa, na kila jirani akituuliza na sisi kama tumetoka Uganda. Sisi tulitoka Unguja, tukapitia Dar es Salaam, na tulikuwa watatu. Namna tulivyobaki watatu sitaieleza hapa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, shule nimeiacha zamani, nashona foronya kiwandani. Anwar alikuwa na kumi na sita, Nargis tisa. Bi Sakina alikuwa mjane wa Malindi aliyekuwa na nyumba yake Queensbury, na hakuwa ndugu yetu kwa damu, ila alikuwa amemjua mama, na kwake hilo lilitosha kutupa vyumba viwili vya juu. Cha mbele alilala Anwar. Cha nyuma tulilala mimi na Nargis, kitanda kimoja, na dirisha lake lilitazama bustani ambamo Bi Sakina alikuwa akijaribu kuotesha bamia kila mwaka na kila mwaka zinamkataa.

Katika kila chumba palikuwa na hita ya matofali. Lilikuwa sanduku la bati la rangi ya maziwa, zito, ndani limejaa matofali. Lilikula umeme wa bei rahisi usiku, na kidogo tena mchana, matofali yakashika moto, kisha yakautoa polepole. Aliyeamua wakati wa kula si sisi. Ilikuwa ni saa iliyokaa chini ya ngazi, kando ya mita, ndani ya kisanduku cheusi. Wakati wake ukifika ililia tak, mara moja, sauti kavu kama ya njiti inayovunjika. Siku za Jumamosi, tuko mezani jikoni, tak ya mchana ikisikika Bi Sakina alikuwa akisema, "Saa imeamka. Nani ana soksi mbichi?" Nargis alikimbia juu kuanika soksi zake juu ya hita, na mpaka tunamaliza kula chumba chote kilikuwa kinanuka sufi na sabuni. Hata leo harufu hiyo kwangu ni harufu ya kuwa salama.

Kasoro yake ni kwamba jioni, mtu anaporudi kutoka kazini na baridi imemwingia mifupani, matofali yalikuwa yameshaishiwa. Kwa hiyo nilinunua jiko la mafuta ya taa, nikawa naliwasha chumbani kabla ya kulala. Ndilo alilolikuta mama wa kanso, halmashauri ya mji iliyoangalia watoto wasio na wazazi, alipokuja kututazama mara ya kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti la mvua ambalo sikuwahi kuliona limekauka, na hakuwa mkali. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mkali. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akalitazama jiko, akamtazama Nargis, akaniambia kwamba watoto wanaweza kubaki nami, lakini wawe na chumba chenye joto kisicho na moto wa wazi. Kama haitawezekana, itabidi awatafutie nyumba. Nikamuuliza, nyumba gani? Akasema huenda isiwe moja kwa wote wawili. Alisema kwa upole kabisa, akifunga mkoba wake. Anwar alikuwa mlangoni na alisikia. Nargis alikuwa akiitazama mvua kwenye koti la yule mama ikidondokea zulia.

Bi Sakina alikuwa ameshaazimia kuweka gesi hata kabla ya hapo, na sasa aliharakisha. Walikuja vibarua wawili, wakafunga rediata, vile vyuma bapa vya ukutani vinavyopita maji ya moto, wakapitisha mabomba, na Jumanne moja wakazing'oa hita zote za matofali. Zilikuwa nzito hata ikabidi wayatoe matofali moja moja na kuyarundika uani. Waya za hita walizikata, wakazifunga ncha zake kwa tepu nyeusi, wakaziacha zimechungulia juu ya ubao wa chini ya ukuta. Bi Sakina alipowauliza, walisema umeme si kazi yao, wao ni watu wa gesi, na boila la kuchemsha maji litawashwa Jumanne inayofuata. Asubuhi ya Jumatano, kabla ya kwenda shule, Anwar alichukua balbu kwenye holda yenye waya mbili, akavaa viatu vyake vya raba, akafungua tepu na kuzigusisha. Balbu haikuwaka. Akajaribu kila chumba. "Zimekufa zote," akasema, kwa sauti ya daktari. "Mzike salama." Bi Sakina akamwambia asifanye mzaha na maneno ya kuzika, kisha akacheka yeye mwenyewe.

Tulifurahi mno siku zile. Kilichotufurahisha sisi wa chumba cha nyuma zaidi ni jambo ambalo wale vibarua wasingeweza kulijua: kibla cha chumba kile kiliangukia palepale ilipokuwa hita. Tangu tuhamie tulikuwa tukiswali kwa upande, tumejibana kati ya kitanda na kabati, na Nargis kila akisujudu kichwa kinagonga bati. Sasa palikuwa wazi. Alitandika msala wake mwenyewe, ukapakana na ukuta, akaacha ukae hapohapo mchana na usiku kama mtu aliyepewa kiwanja. Ule waya uliofungwa tepu ulikuwa umelala juu ya ubao, shubiri moja kutoka mahali anapoweka paji la uso.

Jumamosi nilikuwa jikoni nakoroga mchuzi wa kunde kwa nazi ya kipande, ile ngumu kama sabuni unayoikata kwa kisu. Bi Sakina alikuwa akichagua mchele. Nargis alipita na mikono inachuruzika maji ya udhu, mikono ya fulana imekunjwa hadi kwenye mabega, akaambiwa ajifute, akasema maji ya udhu hayafutwi, akapanda ngazi. Mlango wa juu ukafungwa. Nikaendelea kukoroga. Kisha chini ya ngazi, tak.

Nilisikia Bi Sakina akianza kusema, kwa mazoea, "Saa ime..." akanyamaza. Tukatazamana. Hita zimeondoka tangu Jumanne. Saa inamwamsha nani?

Sikumbuki kama niliweka mwiko au niliuangusha. Nilipofungua mlango Nargis alikuwa kwenye sijda, viganja vimetanda kwenye msala, vibichi, kimoja karibu kabisa na ubao. Nilimshika miguu yote miwili nikamvuta nyuma kama gunia. Kidevu kilikwaruza zulia. Alilia kwa hasira, si kwa maumivu. "Umenivunjia sala. Dada, umenivunjia sala." Nilimkumbatia kwa nguvu, naye ananipiga begani kwa mikono ile mibichi. Anwar alitoka chumbani kwake, kitabu mkononi, akauliza kuna nini. Nikamwambia alete balbu yake, avae viatu. Akasema tumeshaijaribu, dada. Nikamwambia ajaribu tena. Alifungua tepu, akagusisha, na chumba kile chenye mwanga wa kijivu wa mchana wa London kikajaa mwanga wa manjano. Bi Sakina alikuwa mlangoni, punje za mchele zimemganda vidoleni.

Asubuhi ile ya Jumatano ule waya ulikuwa umekufa kweli. Anwar hakukosea kupima. Ila haukuwa waya wa kufa. Ulikuwa waya wa kulala, na sisi tuliokuwa tunaishi kwa sauti ya ile saa tulisahau kwamba ilikuwa ikiamsha kitu. Nilihesabu moyoni usiku wote tuliolala mle, mimi na mtoto, mkono wake ukining'inia nje ya kitanda kama kawaida yake. Sikumwambia mpaka alipokuwa na watoto wake mwenyewe.

Sasa, yule mama wa kanso alikuwa anakuja Jumatano. Tulikaa jikoni, kunde zimeungua kidogo na tunazila hivyohivyo, na Bi Sakina akasema, "Vuta lile kabati langu la vyombo, liweke pale mbele ya waya. Atakuja, ataona rediata, atashika, ina moto, ataondoka. Hatasogeza kabati."

"Na akishaondoka?"

"Akishaondoka tutatafuta fundi kwa nafasi yetu."

Anwar alikuwa na rai yake. "Au niukate mfupi, niusukume ndani ya ukuta, nizibe kwa saruji. Hata mtu hatajua kama ulikuwapo."

"Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote," nikasema. "Kesho atakuja mtu na msumari wa kutundikia picha."

"Basi tusitundike picha."

"Anwar."

"Nimenyamaza."

Bi Sakina alisukuma sahani yake. Alikuwa mtu wa maneno laini, na alipokasirika yalizidi kuwa laini. "Shirin, mwanangu. Akija akakuta mbao zimefumuliwa na fundi yumo ndani, ataandika nini? Ataandika nyumba haifai. Mimi nataka watoto hawa wabaki. Wewe unataka nini?"

"Nataka wabaki, Bi Sakina. Wabaki wazima."

"Mimi ndiye nataka wafe?"

Aliinuka, akaosha sahani yake peke yake, akaingia chumbani kwake. Nikakifunga chumba cha nyuma kwa ufunguo, nikautia ufunguo mfukoni, na sote watatu tukahamia chumba cha mbele. Cha Anwar nacho kilikuwa na waya wake. Nilisogeza kitanda mbali nao hadi kikaziba mlango nusu, nikaupindulia beseni la plastiki juu yake, nikamwekea Anwar marufuku kama mtoto mdogo. Chini ya ngazi palikuwa na masanduku mawili ya fyuzi yasiyo na jina, na vishikizo vyake vimepakwa rangi juu kwa juu, na sikutaka mmoja wetu aanze kuvuta kitu asichokijua. Boila halijawashwa bado. Baridi ya siku zile ilikuwa ya kuonekana, ukipumua unajiona. Jioni ya kwanza nilifungua mlango nikakuta sakafuni tofali moja la zile hita, limepashwa moto kwenye oveni, limefungwa ndani ya kanga ya Bi Sakina. Nikaliweka miguuni pa Nargis. Jioni iliyofuata likawapo tena. Bi Sakina hakuwa akisema nami wakati ule, asubuhi tunapishana jikoni kama watu wa basi, lakini kila jioni tofali lilikuja.

Kiwandani nilimwambia Tereza, Mgoa wa Mombasa aliyekuwa akishona mashine ya jirani na yangu. Mumewe Fransis alikuwa fundi umeme wa reli. Akaniambia Fransis ana nafasi Jumatano tu, mchana, akitoka zamu. Nilijua Jumatano ni siku gani. Nilishona foronya tatu nne kabla ya kumjibu. Nikasema, na aje Jumatano.

Alikuja na begi la vifaa na njaa. Aliitazama tepu ya wale vibarua akauliza, "Nani kafunga hii, kinyozi?" Kisha akatupeleka sote chini ya ngazi, mimi na watoto, akatuonyesha sanduku dogo la fyuzi lililokuwa kando ya lile kubwa. Lile dogo lilikuwa la hita peke yake, na lilipata umeme pale tu saa iliporuhusu. "Waya una ncha mbili," akamwambia Nargis, aliyepewa kazi ya kushika tochi. "Ile ya chumbani imetazamwa na kila mtu. Hii hapa hajaitazama mtu." Alizima swichi kubwa, nyumba ikawa kimya, akapima, akapima tena mahali pengine, ndipo akazing'oa fyuzi na kuzifungua waya zote kutoka kwenye lile sanduku. Kisha akapanda juu. Waya wa chumba cha mbele na wa chini ulivutika wote, ukatoka kama nyoka. Wa chumba chetu ulikuwa umenasa chini ya sakafu. Akafumua mbao mbili, akajaribu, akakata tamaa. Akasema huu utabaki, lakini utabaki na jina. Ncha yake akaitia ndani ya kisanduku kidogo chenye mfuniko wa skrubu, na juu akaandika kwa kalamu kwamba ni waya wa hita, haukuungwa popote. Chini ya ngazi akaandika vivyo hivyo.

Kengele ya mlango ilipolia mbao zilikuwa bado zimefumuliwa. Nargis alikuwa kwenye ngazi na sahani ya wali magotini na tochi kwapani, Anwar ameshika nyundo, na Fransis tunamwona miguu tu. Yule mama wa kanso alisimama ukumbini na koti lake. Alipanda, akatazama shimo, akatazama kitanda kilichobebwa hadi chumba cha pili. Akaniuliza palipita nini. Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha kiwandani, saa, waya, sala, yote, sikuruka kitu. Nilipomaliza akasema, si kwa ubaya, kwamba ningeweza kungoja mpaka yeye aondoke.

Nikamwambia, "Wewe ukishaondoka, watoto wanalala hapa."

Aliuliza nani msimamizi wa nyumba hii, wa kujibu mambo kama haya. Nikageuka kumtazama Bi Sakina, aliyekuwa amesimama chini ya ngazi, nikijua kwamba nyumba ni yake na aibu ni yake. Bi Sakina akafungua kinywa, mara ya kwanza tangu Jumamosi anasema neno linalonihusu. "Muulize huyu," akasema kwa Kiingereza. "Kila waya wa nyumba hii anaujua. Mimi ni mwenye hati tu." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Mwambie avue koti, atalowesha ngazi zangu. Mpe wali."

Alivua. Alikula akiwa amekaa kwenye ngazi, karibu na Nargis, sahani magotini kama yeye, na rediata ya ukumbini ikalikausha lile koti. Hakusema ndiyo. Alisema atakuja tena baada ya Krismasi, na alipokuwa anavaa viatu akamuuliza Nargis kama ana glovu za baridi. Nilishika reli ya ngazi. Mtu anayekuja kumchukua mtoto haulizi glovu. Alikuja tena, na tena, halafu akaacha kuja, na vile vyumba viwili vikabaki vyetu mpaka Anwar alipooa.

Saa iliendelea kulia wiki kadhaa, mpaka mtu wa umeme alipokuja kuiondoa pamoja na mita yake. Tak, na hakuna kilichoamka. Bi Sakina alikuwa akiinua kichwa kila ikilia, ananitazama, nami namtazama. Hatukuwahi kuyazungumza yale ya jikoni. Ila tangu siku ile, kila alipopangisha mtu chumba, kila alipobadilisha jiko au taa, aliniita kutoka popote nilipokuwa, nipande basi nije nisimame nimuulize fundi swali langu moja. Mafundi wengine walicheka. Yeye alikuwa akisimama nyuma yangu, mikono kifuani, hacheki.

Pale sebuleni kwa Nargis, Anwar aliingia kutoka Barking, kofia mkononi, mzee mwenye magoti mabaya. Akaniona nimesimama, jamvi limekunjwa. Akautazama waya. "Dada," akasema, "balbu nimesahau nyumbani."

"Usifanye mzaha."

"Nimeshauliza mimi," Nargis akasema kutoka jikoni, hata hakutoa kichwa. "Mlivyosimama najua mmesimama mbele ya nini. Upande wa pili umefunguliwa kwenye sanduku. Nilimwambia fundi anionyeshe, akanionyesha. Kesho anakuja kuweka mfuniko. Imran hajui, yeye alikuwa na simu yake."

"Ulitazama mwenyewe?"

"Nilishika tochi mwenyewe."

Nikalikunjua lile jamvi nikalitandika. Watu walikuwa hawajafika, na ilikuwa imeshaingia Adhuhuri. Nargis alitoka jikoni, akaingia bafuni, akarudi na mikono inachuruzika, mikono ya nguo imepandishwa, akatandika msala wake mahali ambapo kibla cha sebule ile kinaangukia, chini ya ile alama nyeupe. Maji yalidondoka kwenye jamvi langu. Nilikaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki cha wageni, mikono magotini. Alisujudu, viganja karibu na ubao, paji la uso karibu na waya, akakaa pale muda mrefu, nadhani kwa ajili ya Bi Sakina. Mara hii nilimwacha amalize.